Duara Zima kwenye Dirisha la Waride

Benchi letu lilikuwa mali ya ushirika. Siku ghala la korosho lilipofungwa na sisi makarani tukapewa barua za kupunguzwa kazi, kuna aliyebeba mizani, kuna aliyebeba mabati, mimi nikabeba benchi. Nikaliweka papa hapa Kibiti, kando ya barabara ya Lindi, chini ya upenu wa ghala lenyewe, na kwa miaka saba halikukosa makalio. Baada ya alasiri usingepata pa kuegemeza hata kiwiko. Sasa tazama: Jumamosi nzima, mwaka huu wa elfu mbili na moja, tuko wanne na muuza kahawa. Mji wote uliobaki uko ng'ambo ya barabara, umejazana kwenye dirisha la duka la Waride na kutugeuzia visogo. Naomba niseme mapema nisije nikaitwa mnafiki: nina wivu. Mtu mzima, nina wivu na dirisha.

Waride ni binti wa Mwanawetu, yule msuka mikeka. Alikwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akarudi na kompyuta moja kuukuu na jenereta moja ya kelele, akafungua duka la kuchapa barua. Kabla yake, barua zote za mji huu, za posa, za mashtaka na za kuomba kazi, zilitoka kwenye mkono wangu na wino wangu wa buluu. Simlaumu. Lakini asipokuwa na barua ya kuchapa, anaigeuza skrini yake itazame barabarani, anaibana kwenye kioo cha dirisha, na mashine inachora. Inachora duara zima kabisa, jeupe kwenye giza. Likishakamilika, linaanza kuvunjika. Ukingo unatetemeka, ubavu unabonyea, panachomoza pembe, pembe inakatika na kuelea, mpaka linabaki vipande visivyojuana. Kisha vipande vinatafutana, duara linarudi zima, linavunjika tena. Na halivunjiki mara mbili kwa namna moja. Mwenyewe aliniambia ameiandikia mashine amri ya kuvunja kidogo kidogo, lakini pa kuanzia na jinsi ya kuvunja inachagua yenyewe.

Aliyeumia kuliko mimi ni Mtoro, ambaye hakuna amwitaye hivyo isipokuwa mama yake. Sisi tunamwita Bikari, kama kile chombo cha shule cha kuchorea duara. Ni mchora mabango. Anashika pumzi, anazungusha bega, na brashi inarudi palepale ilipotoka. Ukija na msumari na uzi ukalipima duara lake, utajitia aibu bure. Kwa miezi minane amekuwa akiumezea mate ukuta wa gesti mpya ya Mwanabaraka, yule tajiri wa ufuta wa Ikwiriri, ukuta mrefu ambao kila basi la kusini litapita mbele yake. Alishauchora wote kichwani. Halafu Alhamisi Mwanabaraka akasimama kwenye dirisha la Waride, akatazama duara likivunjika mara tatu, akasema mbele za watu: "Hiki ndicho nikitakacho ukutani kwangu." Tangu siku hiyo Bikari hali, hacheki, na kahawa anaitia sukari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Bikari: Mie nauliza jambo moja tu. Fundi akikujengea nyumba, ukuta ukabomoka mbele ya macho yako, unampigia makofi?

Sadala: Inategemea nyumba ya nani.

Sadala ni fundi redio, tunamwita Voltiji, kwa sababu hakuna ugonjwa duniani ambao yeye hausingizii umeme. Hata talaka yake alisema ni umeme mdogo.

Sadala: Sikilizeni niwaeleze kitaalamu. Lile duara halivunjiki kwa kupenda. Jenereta ya Waride inatoa umeme mchanga. Umeme ukiwa na nguvu, duara zima. Ukilegea, duara linalegea. Samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Sadala: Imeingia kupitia mlangoni, Karani. Umeme ukiwa mbichi, unakunjika.

Haidari: Voltiji, wewe akili yako imeishia kwenye betri. Lile ni jambo la kiuchumi.

Haidari tunamwita Mwekezaji. Ananunua ufuta shambani na kuuza barabarani, na tangu soko huria liingie hajawahi kuzungumza jambo bila kulifikisha Benki ya Dunia.

Haidari: Duara lilikuwa la nani zamani? La umma. Kila mtu alikuwa analo, shuleni tulilichora kwa kifuniko cha kopo. Sasa wakubwa wamekaa, wamesema duara zima ni mzigo kwa serikali. Livunjwe vipande vipande, kila kipande kipate mwekezaji wake. Kama walivyofanya ushirika. Karani, ghala lako hili lilivunjwaje?

Mimi: Kidogo kidogo.

Haidari: Eeh! Na lilichagua lenyewe pa kuanzia?

Kuna siku Haidari anapatia kwa bahati mbaya, na siku hizo hukera zaidi.

Bikari: Lakini ushirika hakuna aliyesimama dirishani kuushangilia! Wale pale wanashangilia! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Si mnaliona? Linatembea! Langu nikilichora linatulia. Nimelichora pale kwa fundi pancha mwaka tisini na tatu, liko palepale, halijasogea hata unywele.

Mshamu: Na hakuna anayelitazama.

Mshamu ndiye muuza kahawa. Maneno yake ni machache na ya moto kama mkaa ulio chini ya birika lake. Kwa kuwa wateja wake wote wako ng'ambo, angeweza kulihamishia birika huko, na kila siku tunamshukuru kimoyomoyo kwamba hajafanya hivyo.

Bikari: Halitazamwi kwa sababu halina kasoro! Mtu hutazama kasoro!

Sadala: Kizuri hakikosi ila.

Bikari: Changu kimekosa.

Sadala: Basi hiyo ndiyo ila yake.

Bikari akageuza uso. Ng'ambo kule watu wakapiga kelele kwa pamoja, "Limetokaaa!" Punde tena, "Limerudiii!" wakacheka, wakapigana vibega. Ilikuwa kama timu imefunga bao.

Hapa lazima nieleze, maana kelele hizo ni mpya, zimeanza jana. Jana Ijumaa, watu waliporudi kutoka msikitini, walikuta juu ya kioo cha dirisha, kwa nje, pameshachorwa duara kwa rangi nyekundu ya mafuta. Mstari mmoja, mwembamba, mzima, sawasawa kabisa na duara la mashine linapokuwa kamili. Sasa lile la ndani likianza kuvunjika, kila mtu anaona limeukosa mstari kwa kiasi gani na limetokea wapi. Zamani lilikuwa linavunjika tu. Tangu jana linaondoka nyumbani na kurudi nyumbani, na watu roho juu. Hata Waride mwenyewe alisimama nje kwa nusu saa, mkono mdomoni.

Haidari: Na lile jekundu nani kalichora? Tusidanganyane. Mie nasema ni mainjinia wanaojenga daraja kule Ndundu. Wale wana vyombo vya kupimia.

Sadala: Injinia gani anaacha daraja anakuja kuchora kioo?

Haidari: Wanaweka alama. Leo duara, kesho utasikia dirisha limeuzwa. Ndivyo walivyoanza kwenye shamba la mjomba wangu, waliweka kigingi chekundu.

Sadala: Mie nasema ni joto. Skrini ikiwaka muda mrefu, umeme unapenya kwenye kioo, unaunguza mstari.

Haidari: Kwa rangi nyekundu?

Sadala: Umeme una waya mwekundu na mweusi. Mweusi huuoni kwa sababu ya giza.

Mshamu: Au ni Bikari.

Alisema huku anasuuza kikombe, wala hakuinua macho. Sote tukamgeukia Bikari. Nikajitazama miguuni.

Bikari: Mimi? Mie niiguse kazi ya yule mtoto? Mimi Mtoro wa Bi Johari nimpambie mtu dirisha bure? Ili iweje?

Haidari: Ili watu waone ubovu wa lile jingine, bwana. Uliweka zima juu yake ulitie aibu. Ingekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Sadala: Halafu ndiyo limezidi kupendwa! Aisee! Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini hii imepasuka ndiyo inavuma!

Haidari akacheka mpaka akamwaga kahawa. Bikari akasimama. Mishipa ya shingo ilimtoka.

Bikari: Lile limechorwa saa ngapi? Wakati wa Ijumaa, au sio? Basi mie nilikuwa msikitini. Safu ya pili, nyuma ya Sadala. Wallahi. Kama mkono huu umegusa dirisha lile, ukauke hapa hapa nisishike tena brashi. Sadala, sema!

Sadala: Kweli kabisa. Alikuwa nyuma yangu.

Haidari: Mie nilikuwa mlangoni, niliwaona wote wawili.

Na mimi, kabla sijajua nasema nini, nikasema: "Nilikuwapo pia."

Mshamu: Khatibu alisema nini?

Kila mmoja akamtazama mwenzake aanze.

Sadala: Alisema mambo ya akhera.

Haidari: Alianza na akhera, akaja kwenye biashara.

Bikari: Wazazi. Aligusa wazazi.

Mimi: Kwa jumla alitukumbusha.

Mshamu: Alikuwa na mafua. Aliyehutubia ni mgeni kutoka Dimani, na alihutubia maneno kumi, tukaswali. Nilikaa safu ya kwanza, nikatoka wa mwisho. Haya, nani aongezwe kahawa?

Tukaongezwa wote. Hakuna aliyemwuliza mwenzake alikuwa wapi, kwa kuwa swali hilo lina mlango wa kurudia. Sadala nina hakika alikuwa amelala. Haidari alikuwa na mizani yake kijijini, anapima ufuta wakati wenye ufuta wengine wako mbele ya Mungu. Yangu nitayasema hapa, kwa kuwa hapo benchini sikuyasema.

Nilikuwa nyuma ya lori bovu la ushirika, hatua ishirini kutoka kwenye dirisha la Waride. Mwezi mzima nilikuwa nimelikebehi lile duara mbele za watu, nimeliita usanii, nimeliita ugonjwa wa mashine, na mwezi mzima nilikuwa natamani kulitazama peke yangu, nishibe. Nikajua saa ya Ijumaa barabara itakuwa tupu. Waride alikwenda kwao kula, akaiacha mashine inawaka, maana jenereta ile ukiizima kuiwasha ni kazi ya kutwa. Nikajibanza, nikisubiri muuza maji apite ili nisogee. Ndipo nikamwona Bikari anakuja, kopo la rangi kwapani.

Alisimama mbele ya dirisha akaliacha duara livunjike mara nne au tano. Liliporudi zima akashika pumzi, akazungusha bega. Mara moja tu. Mkono wake ulikwenda kama mtu anayefuta meza. Alipomaliza hakurudi nyuma kutazama, alikijua alichokifanya. Akaondoka. Sijaona kitu kizuri kama kile maishani mwangu, na niliposimama pale nyuma ya lori nilimchukia. Mimi mkono wangu ulikuwa unasifiwa wilaya nzima mpaka Utete, na leo hakuna anayeuhitaji. Wa kwake bado ulikuwa hai.

Nikiwa ninawaza hayo, kundi la ng'ambo likaachana katikati na Waride akatoka. Akavuka barabara kuja kwetu, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu arudi. Sadala akafunga vifungo vya shati.

Waride: Shikamooni.

Sote: Marahaba.

Waride: Samahanini kuwakatiza. Nina neno moja tu, maana gari linasubiri.

Aliponyosha mkono tukaliona. Ile pikapu ya Mwanabaraka ya kubebea ufuta, imesimama mbele ya duka, inanguruma, dereva mkono nje.

Waride: Bi Mwanabaraka kaja kulitazama tena dirisha. Lile langu peke yake anasema halikumtosha, alikuwa hajui linakosa nini. Leo kajua. Anataka ukuta wake uchorwe hivi hivi: duara moja zima la kuanzia, kisha lianze kuvunjika kidogo kidogo, mlango hadi mlango, vyumba vyote kumi na viwili, mpaka mwisho wa ukuta. Kuvunja nitachora mimi kwenye karatasi. Lakini fundi wa lile jekundu ndiye ahamishie ukutani, na lile zima aliweke kwa mkono wake. Mwenyewe nimejaribu kuchora zima kwa mkono tangu nikiwa darasa la nne. Siwezi. Ndiyo maana niliipa mashine.

Bikari akakitua kikombe chake chini.

Waride: Kwa hiyo nauliza. Nani aliyechora duara kwenye dirisha langu?

Kelele za jenereta zilisikika mpaka kwetu. Haidari akayatazama mabua ya ufuta yaliyonasa kwenye suruali yake. Sadala akafungua redio yake ndogo, akatoa betri, akazirudisha.

Waride: Ilikuwa saa ya Ijumaa. Sikuwapo. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa nje?

Haidari: Siye sote tulikuwa msikitini, mwanangu.

Sadala: Safu ya pili.

Nikamtazama Bikari. Alikuwa ameuficha mkono wa kulia kwenye mfuko wa suruali, ule ule aliouombea ukauke, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama mtu anayetaka kupiga chafya. Angesema "ni mimi", angekuwa ameikosa Ijumaa, ameapa uongo kwa Mungu mbele ya mashahidi watatu, na mashahidi wenyewe amewavua nguo. Asingesema, ukuta ungekwenda. Nikamwona anapima, akimtazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta wa kumsemea.

Macho yake yakanifikia mimi, yakakaa.

Lilikuwa neno moja tu: "Nilimwona." Waride angeuliza ulikuwa wapi Karani, ningesema nyuma ya lori, wangenicheka wiki mbili, ikaisha. Nimewahi kuchekwa kwa mambo makubwa zaidi. Nisimsingizie Mungu wala msikiti; kilichonifunga mdomo ni kingine. Nililiona basi la Lindi linapita kwenye ukuta ule, na abiria wanatoa vichwa, na konda anasema hii kazi ya Bikari wa Kibiti, na mimi nimekaa hapa kwenye benchi la wizi na kalamu yangu mfukoni. Nikainua kikombe nikanywa. Kilikuwa kitupu. Nikaendelea kunywa.

Waride: Basi. Nitamwambia hajulikani. Kasema kama hajulikani atachukua wachoraji walioko kwenye kambi ya ujenzi wa daraja, na nusu ya fedha atawapa leo leo.

Bikari: Wale hutumia uzi na msumari.

Ilimtoka kwa sauti ya chini sana.

Waride: Abee, mjomba?

Bikari: Hapana. Nasema wale ni wazuri. Wana vyombo.

Waride akatuaga, akavuka. Tulimwona anainama kwenye dirisha la pikapu, anatikisa kichwa. Dereva akaingiza gia. Bikari alisubiri mpaka pikapu ikaingia barabarani na kushika njia ya kusini, ndipo akanigeukia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Bikari: Karani. Jana mchana wewe hukuona mtu?

Mimi: Sikuona.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Ng'ambo wakapiga kelele, "Limetokaaa!" na hakuna kati yetu aliyegeuka kutazama. Sadala akamnyooshea Mshamu kikombe.

Mshamu: Kahawa imekwisha.

Akaokota vikombe vyetu kimoja kimoja, hata cha Haidari kilichokuwa na kahawa ndani, akakimwaga chini. Akalibeba birika. Lilikuwa zito bado, tuliliona lilivyomwinamisha bega alipokuwa anavuka barabara kwenda dirishani.